Mgeni Tulishampa Jembe: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Uhamiaji

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uhamiaji,
Nairobi.

KUH: MAREKEBISHO YA UBAO WA HUDUMA, MSTARI WA URAIA

Mheshimiwa,

Kwanza pokea pongezi. Katika ofisi za serikali nchini mwetu hutundikwa ubao unaotaja huduma, mahitaji ya mwombaji, ada na muda wa kusubiri. Ni ubao wa kupendeza, na mara nyingi huwa msafi kuliko madawati yaliyo chini yake. Naandika kupendekeza marekebisho madogo katika mstari wa uraia, ili maneno ya ubaoni yalingane na historia. Penye "mahitaji" pasomeke: jamii nzima iliyojipanga, shirika la kutetea haki, wanahabari wa kutosha, na viatu imara vya kutoka Kwale hadi Nairobi. Penye "ada" paandikwe: bure. Penye "muda": vizazi vitatu, kutegemea ratiba ya Rais. Na yule mwombaji mshamba anayekuja peke yake, siku ya kazi, na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, aambiwe tangu mlangoni kwamba amekosea njia.

Sitii chumvi. Wahenga walituagiza kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe, na agizo hilo tulilitii bila kinyongo. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji enzi za ukoloni wakafanye kazi katika mashamba ya miwa na katani ya Pwani. Jembe walilipata mapema. Kitambulisho walikisubiri mpaka wakawa na wajukuu. Mnamo Oktoba 2016 wakaandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, wakisindikizwa na watetezi wa haki, wakafika Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, akaamuru wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo kwisha. Baadaye kidogo wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Sasa nauliza kwa heshima: nini kilichobadilika kati ya Septemba na Desemba? Sheria ya uraia ilikuwa ile ile ya 2011. Wamakonde walikuwa wale wale, katika vijiji vile vile, na ushahidi wao haukuongezeka hata ukurasa mmoja. Kilichobadilika ni mahali ombi lilipopelekwa. Kama Ikulu iliweza kufanya kwa wiki kadhaa kazi iliyoishinda idara kwa miaka, basi kazi yenyewe haikuwa ngumu.

Tungeweza kusema hiyo ni bahati ya Wamakonde, kama mambo hayangejirudia. Washona walifika kutoka Zimbabwe kwenye miaka ya 1960, wakilihubiri neno la kanisa lao la Gospel of God, wakajenga maisha Kiambu kwa useremala na ususi wa vikapu. Zamu yao ilitangazwa katika hotuba ya Jamhuri tarehe 12 Desemba 2020: Washona 1,670, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda. Wapemba, wavuvi ambao baadhi yao walihama baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na wengine wakiwa wamekwisha kuja zamani, walisubiri hadi Julai 2023, Rais William Ruto alipokwenda Kilifi. Hapa niruhusu nikae kidogo, kwa sababu sheria yetu inamtaka mwombaji awe anajua Kiswahili cha kutosha au lugha nyingine ya humu nchini. Natamani kuuona mtihani huo: afisa kutoka makao makuu akimsahihisha Mpemba ngeli. Lakini kicheko kando, jamii zote hizi zimepita mlango mmoja, nao ni mlango wa hotuba. Sina ugomvi na hotuba. Nina ugomvi na haki inayongoja sherehe ya kitaifa na jukwaa lenye mahema, kwa sababu anayeipokea hivyo anafundishwa kushukuru kwa kitu alichokuwa anakidai, na jirani yake ambaye jamii yake haina jina linalojulikana anafundishwa kunyamaza.

Najua utanijibu kwamba sheria iliweka dirisha na watu wakalala. Kweli, dirisha lilikuwapo. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwaruhusu wasio na utaifa walioishi humu mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, pamoja na vizazi vyao, waombe kusajiliwa. Walipewa miaka mitano, ikaongezwa mitatu, dirisha likafungwa Agosti 2019. Hebu tutazame jinsi mtu alivyotakiwa kulipitia. Athibitishe kwamba hajaondoka nchini tangu siku ya Uhuru, naye kosa lake hasa ni kutokuwa na karatasi. Mvuvi wa Kilifi alete stakabadhi gani ya 1963? Samaki hawatoi risiti. Mtoto wake akazaliwa hospitalini, cheti cha kuzaliwa kikadai kitambulisho cha mama. Mama hana, kwa hiyo mtoto akakua bila cheti. Alipotimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho, akatakiwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi. Akatumwa kwa chifu alete barua, na chifu akataka kwanza kuona kitambulisho ndipo aandike barua. Huo ndio usingizi tunaowalaumu nao. Wakati huohuo laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la rafiki, akiba yake imo katika akaunti ya jirani, na leseni ya uvuvi haipati kabisa.

Waliovunja mzunguko huo hawakuwa maafisa wako, Mheshimiwa. Ni wasaidizi wa kisheria wa mitaani, kama wale wa Nubian Rights Forum kule Kibra, ambao huketi na mwombaji, humjazia fomu, humsindikiza kwa chifu na kwa msajili, na huandika daftarini tarehe aliyoambiwa arudi. Kazi yao haina muujiza. Ni kujua karatasi ipi hutangulia ipi, na kuwa shahidi afisa anaposema "njoo kesho". Ajabu ni kwamba serikali yenyewe ilikwisha kukiri kwamba msaada huu ni wajibu wake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja watu wasio na utaifa miongoni mwa wanaostahili msaada huo kwa gharama ya umma, na inawatambua wasaidizi wa kisheria walioidhinishwa. Na Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa "kila mtu", si kila raia, haki ya kuhudumiwa upesi na kwa utaratibu wa haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomdhuru. Kwa hiyo tunachokosa si sheria. Tunakosa dawati moja, karibu na mwombaji, lenye mtu aliyeajiriwa kumwambia aanzie wapi.

Pingamizi la kwanza, tena zito, ni usalama. Nchi imeumia kwa ugaidi, na vitambulisho vimewahi kuuzwa. Sidharau hofu hiyo. Ila tuulize imetufanya tufanye nini. Kwa miongo mingi Wanubi, ambao babu zao waliletwa na Waingereza kutoka Sudan wakiwa askari, na Wakenya wa kaskazini, wamepigwa msasa na kamati za wazee kabla ya kupewa kitambulisho, huku vijana wa sehemu nyingine wakipita moja kwa moja. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa mtindo huo. Ilichukua hadi Februari 2025 Rais kutangaza, kule Wajir, kwamba msasa wa ziada umeondolewa. Na kabla ya hapo usalama ulifaidi nini? Mtu mwenye nia mbaya na pesa mkononi hasumbuliwi na kamati, huinunua. Anayekwama ni asiye na kitu. Mtu aliyesajiliwa ana jina, alama za vidole na anwani. Aliyeachwa gizani anatumia laini ya mwenzake, na askari akimtafuta hamwoni. Anayependa usalama kwa dhati angekuwa wa kwanza kulitaka dawati ninalolisema.

Pingamizi la pili ni kwamba tukirahisisha, watafurika. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa likikadiria watu wasio na utaifa nchini Kenya kuwa takriban 18,500. Ukiwakusanya wote katika uwanja wa Kasarani, zaidi ya nusu ya viti vitabaki vitupu. Mafuriko gani hayo? Na wengi wao hawatafika kesho kutoka popote, maana walizaliwa hapa. Wengine hudai kwamba pesa hazipo. Chifu yupo tayari na mshahara wake, naibu wake yupo, vituo vya Huduma vipo, na wasaidizi wa kisheria wapo wakifanya kazi hiyo kwa posho za wafadhili. Kinachohitajika ni kuwapa maelekezo ya pamoja na mamlaka.

Basi ombi langu, kabla hamjaajiri fundi wa kuandika ubao mpya, ni hili. Fungueni tena dirisha la sheria, mara hii bila tarehe ya kulifunga. Wekeni katika kila kaunti afisa mmoja wa uraia mwenye uwezo wa kupokea ombi na kulitolea uamuzi, aketi na msaidizi wa kisheria katika chumba kimoja. Kubalini kiapo cha wazee wawili wa kijiji kiwe ushahidi wa ukaaji pale ambapo karatasi hazikuwahi kuwapo. Na kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, zikiwa na tarehe na saini, ili ajue pa kukata rufaa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji maandamano, wala hotuba, wala Rais kuacha kazi zake. Yanahitaji ofisi yako ifungue mlango saa mbili asubuhi na kufanya kazi inayolipwa kuifanya.

Wako mwaminifu,
Mlipa kodi mwenye kitambulisho