Mbuzi Wametulia, Mzee Anazurura

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kilimo na ufugaji,

Amashyo, Mheshimiwa!

Najua utaitikia "Amashongore", maana wazee wetu walisalimiana kwa kutakiana makundi ya ng'ombe hata pale ambapo mwenye kusalimia alikuwa na kuku mmoja, tena wa kuazima. Mimi nina mbuzi watatu, majike wawili na beberu mwenye ndevu za hakimu. Nakuandikia kutoka Carama, zoni ya Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, kukuletea ripoti ya utekelezaji wa sheria.

Sheria inatekelezwa. Ile ya Oktoba 2018 iliyoamuru mifugo wafungiwe nyumbani ilitupa miaka 3 ya kujiandaa, nami nilijiandaa kama mtu anayeoza binti. Nikanunua mbao, nikagongomea kibanda nyuma ya jiko, nikapasua dumu katikati likawa hori. Tangu muda huo uishe, mbuzi wangu hawajakanyaga barabara. Jambo moja tu lilinipita. Nilidhani sheria imekataza kuzurura, kumbe imebadilisha mzururaji tu. Zamani mbuzi alikuwa akiyafuata majani. Siku hizi majani ndiyo yanayomfuata mbuzi, na kwa kuwa majani hayana miguu, natembea mimi.

Saa kumi na moja alfajiri natoka na mundu na gunia. Naanza na mtaro wa barabara. Hapo majani hustawi, lakini lazima uyanuse kwanza, kwa sababu kuna nyumba humwaga maji ya kufulia, na beberu wangu akisikia harufu ya sabuni hugeuza uso kama mkwe aliyeletewa mahari pungufu. Kutoka mtaroni nakwenda kwenye kiwanja kimoja ambacho hakijajengwa. Mwenyewe yuko ng'ambo, ameweka ukuta na geti la chuma, na ndani majani yamefika kiunoni. Mlinzi ni kijana muungwana. Ananiacha nikate upande wa ukutani, kwa sharti nisiguse upande wa getini, kwani huo ni wa mbuzi wake mwenyewe.

Juzi nilikuta kumeshafyekwa kote. Mama mmoja alikuwa anafunga mzigo wa mwisho kwa kamba ya mgomba.

"Muzee, leo umelala," akaniambia.

"Mama, hujaniachia hata kidogo?"

"Kidogo kipo. Fungu ni faranga mia tano."

Nikanunua majani ya mtaroni, Mheshimiwa, yaliyoota bila kupandwa na mtu, kwa fedha niliyokuwa nimetenga kwa ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Jioni mbuzi walikula vizuri. Sisi tulikula ugali na mboga ya lengalenga, na nakiri kwamba nililitazama lile hori kwa jicho la husuda.

Usinichukulie kama mpinzani wa sheria. Kule milimani ina akili. Mbuzi akiachiwa mteremko anakula mpaka mzizi, mvua ikija udongo unashuka, na sisi wa bondeni tunajua unakoshukia. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 maji na matope yaliporomoka kutoka vilimani yakaingia Kamenge, Kinama na Buterere, na watu zaidi ya 60 wakafa. Kwa hiyo ukimwambia mkulima wa huko Isale vilimani apande matete kwenye kingo za shamba lake, ayakate, alishe, kisha samadi airudishe shambani, mimi nitakupigia makofi. Hasa hiyo samadi. Mbolea ya ruzuku mkulima hulipia avansi, akamalizia salio, akaanza kutazama barabara. Mbuzi hajui avansi, anatoa kila siku, hata Jumapili.

Lakini mkulima huyo ana kingo za shamba. Mimi nina ukuta wa jirani. Nilipohamia hapa majirani zangu walikuwa mihogo na mahindi. Ukiamka usiku ulisikia majani yakisuguana, na vyura. Kisha wakaja watu wenye kamba na vigingi, shamba likaitwa parseli, parseli ikaota matofali, na aliyekuwa analima hapo akabaki kuwa kibarua wa kubebea watu mchanga. Sensa ya 2008 ilitukuta Warundi milioni 8. Ile ya 2024, iliyohesabu watu, nyumba, mashamba na mifugo kwa mpigo mmoja, imetukuta tumevuka milioni 12, na ardhi haikuzaa hata kilima kimoja. Mbuzi wangu nao wamo humo. Nilijibu "watatu" kwa fahari, kama mtu anayetangaza watoto waliofaulu.

Sasa angalia hali ilivyo. Mbuzi haruhusiwi kutoka. Baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji Machi 2022. Gari linaruhusiwa kwenda popote, ila petroli mara nyingi ndiyo haipo. Katika Bujumbura nzima kiumbe pekee anayesafiri bila shida ni kiboko. Yeye hutoka Ziwa Tanganyika usiku, haombi kibali, haulizi foleni ya mafuta imefika wapi, anakula majani ya kando ya barabara mpaka anashiba, na kabla ya ofisi kufunguliwa amesharudi majini. Sijasikia kiboko amekamatwa kwa kuzurura wala mwenyewe ameitwa kulipa faini. Na anakula kuliko mbuzi wa zoni nzima ya Kinama.

Ombi langu ni hapo. Naomba mbuzi wangu watatu waandikishwe kuwa viboko wadogo. Rangi inakaribiana, na beberu harufu anayo tayari. Iwapo itashindikana, basi niandikishwe mimi kuwa mfugo. Nitafungwa kwenye kibanda, nitaletewa chakula kwenye dumu, na mtu mwingine wa kuteuliwa na wizara atashika mundu alfajiri. Kati ya maombi hayo mawili, mke wangu anaunga mkono la pili.

Mke wangu huyu, tena, ndiye aliyempokea kijana mwenye daftari wiki iliyopita, kutoka ofisi ambayo sitaitaja. Alikuja kukagua. Akachungulia kibandani, akahesabu, akaandika kwamba mbuzi wapo ndani, watatu, wametulia. Halafu akauliza:

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko malishoni," akamjibu. "Atarudi jua likichwa."

Nakomea hapa, Mheshimiwa. Taa ya jirani imewaka, na yule mama wa kamba ya mgomba hupita hapa kabla ya adhana ya alfajiri.

Wako mtiifu,
Mfugaji wa Carama

N.B. Ukinijibu, tafadhali barua ipitie kwa mlinzi wa kile kiwanja chenye geti la chuma. Nyumbani sipatikani.