Nani Kaumia, Mtoto au Baba Yake?

Mstch! Eti watoto wa siku hizi wanadekezwa mno shuleni. Maneno hayo yametua kijiweni kwetu, hapa Mbuyuni, Moshi mjini, kahawa haijazunguka hata mara moja, na aliyeyaleta ni bodaboda ambaye mwanawe wa chekechea juzi tu kavalishwa joho. Joho, jamani! Na kofia yenye kishada, na cheti, na zawadi, maana shule ile hakuna mtoto anayetoka mikono mitupu: huyu kapewa ya usafi, yule ya nidhamu, kuna mmoja kapewa ya kumaliza chakula. Baba kalipia joho, kalipia picha, kalipia pilau la wageni, leo anatuambia walimu wanawaharibu watoto kwa kutowafundisha kushindwa.

"Sisi tulichapwa tukanyooka," akadakia fundi viatu.

"Umenyooka wapi?" akauliza mama wa ndizi. "Viatu vya mwanangu wiki ya pili hii unaniambia kesho."

Hapo kijiwe kikachangamka. Lakini tuulizane kwanza: hizo shule zinazobembeleza ni zipi? Mji huu una shule za mabasi ya njano yenye majina ya watakatifu, na una Kayumba, shule za serikali. Kule Kayumba darasa limejaa mpaka mlangoni. Mwalimu hata akitaka kumbembeleza mtoto, hana pa kupita kati ya madawati. Asiye na sare kamili bado anatolewa mbele ya paredi. Ambaye mzazi wake hajatoa mchango wa uji bado anasimamishwa na jina lake linasomwa. Kudekezwa? Khaa!

Tunaye mwalimu mstaafu hapa kijiweni, tunamwita Meku, kafundisha Uru na Old Moshi mpaka mgongo ukapinda. Yeye kanuni za viboko za mwaka 2002 anazo kichwani. Viboko visizidi vinne. Anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemkabidhi kazi hiyo kwa maandishi. Mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Na kila adhabu iandikwe kitabuni. "Sasa niambieni," akasema Meku, "nani kati yenu kakiona hicho kitabu?" Kimya. Fundi viatu akajifanya anatafuta uzi.

Tena tusisahau, Oktoba 2019 mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa wanafunzi wa sekondari kule Chunya hadharani, kamera zinaona, na Rais Magufuli akampongeza. Kenya ilikwishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Sisi mkuu wa mkoa anachapa na anapongezwa. Nchi yenye picha hiyo haiwezi kuamka asubuhi na kulia kwamba shule zinalinda mno mioyo ya watoto.

Hisia zinalindwa, sikatai. Swali ni za nani.

Nendeni mkaangalie Desemba. Mabasi ya Dar yamejaa, magari ya namba mpya yanapanda kuelekea Marangu, Kibosho, Machame, Rombo, kila ukoo unarudi kihambani. Mbege ipo, kisusio kinatoka jikoni, wajomba wamekaa kwenye viti vya plastiki. Anaitwa mtoto wa darasa la tano kuja kusalimia. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba. Umekuwa wa ngapi?" Hajaulizwa anasoma nini wala anapenda nini. Fomu ya ripoti inaletwa, inapita mkono kwa mkono: Nafasi, 38 kati ya 41. Maoni ya mwalimu: Aongeze bidii. Baba yake anacheka kicheko cha pembeni, kisha anageuka kuzungumzia bei ya kahawa, kwa sababu binamu wa Arusha kashika nafasi ya pili na baba wa huyo binamu kakaa hapo hapo na chupa yake. Mtoto alijua ni wa 38 tangu siku aliyofunga shule. Alishakula nayo, akalala nayo. Aliyepigwa mshale siku ile ni baba, na kipigo anachokipata mtoto jioni wageni wakishaondoka ni cha kumlipia baba fedheha yake.

Na serikali nayo haiko mbali na baba huyo. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012? Yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa zaidi ya 240,000, kama asilimia 60, walikuwa wamepata divisheni ziro. Nchi ikatikisika. Waziri Mkuu Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei matokeo yakapangwa upya. Oktoba ya mwaka ule ule wa 2013, Mchome akiwa sasa katibu mkuu wa wizara ya elimu, ikatangazwa kwamba ziro inaondoka na badala yake inakuja divisheni ya tano. Aka! Watu walicheka mitaani mpaka wakakaa chini. Haukupita muda tukaletewa GPA, na mwaka 2016 Waziri Joyce Ndalichako akarudisha divisheni zile zile za zamani. Katika hekaheka yote hiyo kuna mtoto aliyeongezewa mwalimu wa hisabati? Iliyoona aibu ilikuwa wizara, ikatafuta pa kuifunika.

Bodaboda hakukubali. "Na hii ya Baraza la Mitihani kuacha kutangaza kumi bora? Huko si kudekeza?"

Hapo kidogo tulisogeza viti. Januari 2023, akitangaza matokeo ya kidato cha nne, Athumani Amasi wa Baraza alisema utaratibu wa kutaja shule bora na wanafunzi bora hauna tija. Wanafunzi wamesoma katika mazingira tofauti, huwezi kuwapanga mstari mmoja, na kutaja shule ni kama kuzifanyia matangazo. Kenya walikwishaacha kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka 2014, chini ya Waziri Jacob Kaimenyi. Na walioumia kwetu mnawajua: ni sisi wa vijiweni, tuliozoea kugombana shule ya Kilimanjaro imeingia au haikuingia. Mlima huu umelelewa kwa shule. Tangu wamisionari Wakatoliki wa Kilema na Walutheri wa Machame, miaka ya 1890, watu hapa wanashindana kusomesha. Kahawa iliyouzwa kupitia KNCU tangu 1933 imelipa ada za watu ambao leo ni maprofesa. Kutunyima orodha ni kutunyima ligi.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Bodaboda ana hoja, ila kaishika upande wa makali. Mtoto aambiwe ukweli wa alama zake. Akipata 23 kati ya 100 asipewe zawadi ya tabasamu. Lakini hebu mfuateni mtoto wa joho miaka kumi mbele. Shule ile ile iliyompa cheti cha kumaliza chakula inafika kidato cha pili inamwita mama yake ofisini, mlango unafungwa, anaambiwa kwa sauti ya upole: wastani wake haufiki, mtafutie shule nyingine. Mama anatoka na godoro na sanduku la chuma, anashuka stendi. Mwaka unaofuata bango jipya linapandishwa barabarani: picha za watoto wenye tai, "Divisheni one ya pointi saba," na chini kwa herufi nene, "Hatuna ziro." Hawana, kweli. Waliwasindikiza mapema.

Kwa hiyo hao wanaoitwa wabembelezaji ni wakatili kuliko Meku na fimbo yake. Utamu wote ule ulikuwa wa mzazi anayelipa. Ulipokaribia mtihani wa kuchafua bango, utamu ukaisha. Na huyo aliyechujwa anakwenda wapi? Anakwenda shule ya kata, zile mlizoziita yeboyebo, anaanza kupewa majina.

"Basi mwalimu afanye nini?" fundi viatu akauliza, safari hii bila utani.

Meku akasema alikuwa akiita mtoto mmoja mmoja mezani, karatasi imekunjwa, anamwonyesha: hapa umekosa, hapa umekosa, hapa ungepata. Hakusoma alama kwa sauti. Tukamuuliza darasa lilikuwa na wangapi. Thelathini na tano, akajibu, na akaongeza mwenyewe kwamba kwa darasa la sasa asingeweza.

Mimi Baraza nawaunga mkono, isipokuwa wameishia njiani. Kama orodha ya kumi bora ilikuwa dhuluma kwa sababu mazingira si sawa, basi kila Januari watutangazie hayo mazingira: shule ipi haina mwalimu wa fizikia, ipi watoto wanasoma kemia bila maabara, ipi wamefanya mtihani wa hisabati bila kufundishwa hisabati tangu kidato cha pili. Waanze na za mkoa huu wetu tunaojisifia. Wasome majina ya shule na majina ya wakurugenzi wa halmashauri zake, kwa sauti, kama paredi.