Dirisha Lililovaa Kaptula

Jumapili iliyopita wakwe zangu walikaa sebuleni, soda mkononi, wakitazamana na dirisha lililovaa kaptula. Mapazia mapya, ya kushonesha kwa kipimo, yaliyolipiwa kabla hayajashonwa, yalianzia vizuri kabisa kwenye bomba la juu, yakashuka, yakafika katikati ya kioo, yakakata tamaa. Vipande viwili, kila kimoja kimejibana upande wake, na katikati jua la saa tisa likimwingia baba mkwe machoni. Mzee alivumilia kidogo, kisha akatoa miwani ya jua akaivaa humo humo ndani. Mama mkwe akaniuliza kwa upole ambao bado sijausamehe: "Mwanangu, kitambaa siku hizi kimepanda bei sana?"

Niliagiza inchi 90 kwenda chini na 60 kwenda upande. Yalikuja ya sentimita 90 kwa 60.

Wageni walipoondoka nilifungua kompyuta, nikairudia ile tovuti hadi ikanitolea siri yake, na lazima nikiri kwamba hasira iliponiachia nafasi niliona raha. Juu kulia kuna kitufe kidogo: upande huu inchi, upande huu sm. Siku ya kuagiza nilijaza inchi, kwa kuwa fundi aliyenipimia dirisha anasema inchi, na ukurasa wenyewe ulifunguka kwa inchi. Kabla ya kulipa nikabonyeza sm, nione tu. Tisini ikageuka 228.6, sitini ikageuka 152.4. Hesabu safi! Inchi moja ni sentimita 2.54 kamili, haina mkia, tangu 1959, pale Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilipokubaliana. Kabla ya hapo inchi ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kwa kiasi ambacho pazia lisingejua kamwe, ila wapima ardhi walijua, na wale wa Marekani waling'ang'ania futi yao ya zamani hadi mwisho wa 2022.

Sasa, programu iliyoundwa na mtu mwenye huruma huhifadhi namba moja tu, tuseme milimita 2286, na kitufe hubadilisha kile unachokiona. Ubonyeze mara mia, pazia halifupiki. Hii ya kwangu iliweka ile 90 niliyoandika mahali pake, na jina la kipimo mahali pengine. Nilipobonyeza, kioo kilinionyesha 228.6, lakini kilichobadilika kwenye oda ni jina peke yake. Karatasi iliyomfikia mshonaji ilisomeka 90, pembeni sm. Mshonaji hana kosa. Akashona kwa uaminifu pazia la dirisha la choo.

Hata hizo inchi za mwanzo zilikuja kwa dhana. Kivinjari kikigonga mlango wa tovuti hutanguliza lugha kiliyowekewa. Kompyuta yangu ilitoka dukani imewekwa Kiingereza cha Marekani, basi duka likahitimisha kuwa mimi ni Mmarekani, huku anwani yangu ya kupelekewa mzigo inayo! Na taarifa zipo. Unicode wana hazina iitwayo CLDR, inayoonyesha nchi gani inatumia vipimo gani, tarehe inaandikwaje, hata wiki inaanza siku ipi. Kiswahili kimo humo: cha Tanzania, cha Kenya, cha Uganda na cha Kongo. Watu wamekaa wakayapanga yote hayo, na duka limeshindwa kuchungulia.

Ingawa, wangeniuliza, ningejibu nini? Barabara naihesabu kwa kilomita, shamba kwa eka. Nyama kilo, mahindi debe, kitenge yadi. Godoro ni futi tano kwa sita, televisheni ni inchi. Fundi bomba huita "nusu inchi" bomba la plastiki lililoandikwa 20 mm ubavuni, na hakuna anayegombana. Tairi ndiyo kiboko: 195/65R15 maana yake upana ni milimita 195, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, na rimu ni inchi 15. Mifumo miwili na asilimia juu yake, kwenye mpira mmoja! Kisha mtu ananiletea kitufe chenye pande mbili, nichague kabila. Futi kamba ya fundi wangu haijawahi kuniuliza swali hilo. Inchi ukingo mmoja, sentimita ukingo wa pili, zote mbele ya macho. Duka lingeandika "inchi 90 (sm 228.6)" na kitufe kikaenda zake.

Niliwaandikia. Jibu lilikuja na ua dogo mwishoni: mpendwa mteja, kipimo ni chaguo lako mwenyewe, na bidhaa ya kushonesha hairudishwi. Hapo ucheshi uliniishia. Nimechaguliwa inchi bila kuulizwa, nimebadilishiwa sentimita nyuma ya kioo, halafu gharama zikifika ndipo nakuwa mwenye uhuru wa kuchagua. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter kilipotelea huko Mirihi kwa sababu programu ya mkandarasi ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, na NASA wakazisoma kama za metriki. Sidhani kama waliandikiwa kwamba kipimo ni chaguo la mteja, na ua.

Yaliyofuata wiki hii ni madogo. Mapishi ya keki yalidai nyuzi 350. Jiko langu linaishia 250, nikalipa zote lilizonazo.

Juzi mizani ya bafuni iligeuka yenyewe ikaanza kusoma ratili. Shangazi alipanda, ikamwonyesha 176, akashuka bila neno na tangu hapo anakunywa chai bila sukari. Kitufe cha kuirudisha kwenye kilo kiko chini ya mizani, nimekiona. Nimekiacha kwanza, sukari nayo imepanda.