Mtaa wa Nyumba Moja

Ukinunua nyumba ya kwanza katika mtaa mpya wa wastaafu, unapunguziwa bei. Dada wa ofisi ya mauzo aliliita punguzo hilo zawadi, na mume wangu, ambaye miaka yote aliyoendesha basi la jiji hakuwahi kupewa zawadi na mtu aliyeshika mkataba mkononi, alifurahi sana. Mimi nilikuwa nesi, na najua sindano hutanguliwa na maneno matamu. Ile haikuwa zawadi, ulikuwa mshahara. Tulilipwa mapema ili tuwashe taa usiku, tutundike mapazia na tupitepite barabarani na mifuko ya dukani, mtaa uonekane una watu.

Mtaa wenyewe uko magharibi ya Phoenix, Arizona, na kwa biashara hii huku ndiko nyumbani. Tarehe 1 Januari 1960 mjenzi mmoja, Del Webb, alifungua Sun City kwenye ardhi iliyokuwa mashamba ya pamba. Alikuwa na nyumba tano za mfano, maduka, ukumbi na uwanja wa gofu. Wikiendi ile ya kwanza watu wapatao 100,000 walifika kuchungulia. Mwaka 1962 sura yake ikatokea kwenye jalada la jarida la Time. Tangu hapo kila mjenzi wa Arizona anaiota foleni ile. Wetu alitupata sisi wawili.

Nyumba ya mfano ilikuwa mlango wa tatu kutoka kwetu, ramani ileile, rangi ileile, hadi kitasa. Tofauti ni kwamba kule malimau ya mezani yalikuwa ya plastiki, televisheni ilikuwa boksi tupu, na vitabu vya kwenye rafu vilikuwa vimegeuziwa migongo ukutani ili visiharibu rangi ya sebule. Kwetu kulikuwa na friji inayounguruma na sufuria motoni. Wateja wakawa wanapenda zaidi kwetu.

Jumamosi moja nilikuwa nakaanga vitunguu vya pilau, kanga nimeifunga kifuani, nikasikia mlango unafunguliwa. Wakaingia bwana na bibi wenye kofia za jua, vipeperushi mkononi. Wakanisalimia kwa lile tabasamu la kumpa mhudumu. Yule bibi akafungua kabati la juu, akachungulia, akalifunga, akahamia la chini. Bwana akagonga ukuta kwa kidole na kumwambia mkewe kwamba uko imara. Kisha akanigeukia na kuniuliza kama jiko limo kwenye bei. Nikamjibu jiko limo, mpishi hayumo. Hakucheka. Aliandika.

Wakati huohuo mume wangu akatoka bafuni na taulo. Nilidhani hapo watajua wako nyumbani kwa watu. Bibi alimtazama kuanzia juu hadi chini, akamuuliza kama maji ya moto huchelewa kufika.

“Sekunde chache tu,” akasema mume wangu, akawaonyesha bafu.

Walinunua kiwanja cha ng'ambo ya barabara. Baada ya hapo dada wa mauzo akawa ananipigia kila Ijumaa kuniuliza, kwa upole mno, kesho nina mpango wa kupika nini. Ofisini kwake alikuwa akiwasha mishumaa yenye harufu ya biskuti, na nadhani alishaona kwamba biskuti haiwezi kushindana na bizari nzima.

Mimi nilistaafu nikiwa na nia moja, kutoamshwa. Lakini huku joto la kiangazi halina mzaha. Mwaka 2023 Phoenix ilipitisha siku 31 mfululizo zenye kiwango cha juu cha nyuzi 43 au zaidi. Zege halipendi jua la namna hiyo, kwa hiyo malori hufika saa kumi na moja alfajiri. Si injini inayokuamsha, ni ile pii-pii ya lori kurudi nyuma. Kuna dereva mmoja naamini amekuja kutoka kwao kinyumenyume.

Kisha kuna suala la choo. Kwa kuwa mbele ya nyumba yetu ndipo lami ilipoanzia, mafundi waliweka hapo kile choo chao cha plastiki ya buluu, kikitazamana na dirisha la sebule. Siku moja naongea na shangazi yangu wa Tanga kwa simu ya video, nazungusha simu aione milima jua likizama. Akanizuia.

“Rudisha nyuma kidogo, mwanangu. Kile ni nini?”

“Choo, shangazi.”

Akanyamaza.

“Miaka yote hiyo Marekani, mmejenga choo nje?”

Nikamweleza kwamba ni cha mafundi, kwamba ndani tuna vyoo viwili, kimoja kina kiti kinachopashwa moto. Akasema “Haya,” ile haya ya mtu asiyesadiki ila hataki kukuaibisha. Wiki haikwisha, binamu yangu wa Muheza akanitumia ujumbe wa pole, na kuniuliza kama tungependa familia ituchangie.

Ramani za kwenye simu nazo zilikuwa bado hazijatujua. Uliweka anwani yetu, ile sauti ikakuelekeza vizuri tu, kona kwa kona, halafu ikakupongeza kwamba umefika, na mbele yako hakuna ila mpungate. Vifurushi vyetu vimewahi kuachwa chini ya mpungate huo. Misumari kwenye matairi siihesabu. Fundi wa tairi tunamwita shemeji.

Sheria, hata hivyo, zilitufikia bila kupotea njia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1995 inaruhusu mitaa kama huu kuwakataa vijana, mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na mtu wa miaka 55 au zaidi. Sisi tulikuwa asilimia 100. Tukienda kumtembelea binti yetu Dallas, mtaa mzima umesafiri. Kamati ya wenye nyumba ilikuwa na wajumbe watatu, wote waajiriwa wa mjenzi, maana mjenzi ndiye hushika usukani hadi nyumba za kutosha ziuzwe. Walitutumia saa za wajukuu kuogelea. Bwawa wakati huo lilikuwa shimo lenye mwiko mmoja na chupa ya soda.

Mara wakaleta barua kwamba mpira wetu wa kumwagilia maji unaonekana kutoka barabarani. Nikatoka hadi barabarani kuhakiki. Kilichoonekana ni kilima cha kokoto, mabomba, winchi, kile choo, mafundi sita wakila chini ya turubai, na, ukiinama kidogo na kukodoa macho, mpira. Nikauondoa. Mandhari haikubadilika sana. Mchicha wangu nao haukuwamo kwenye orodha ya mimea inayoruhusiwa mbele ya nyumba. Sasa unaota nyuma, na mjumbe mmoja wa kamati huja kuuchuma.

Jangwa likichimbwa, nge nao huhama, na wao pia hupenda nyumba iliyokamilika. Nge wa huku hung'aa kijani ukiwamulika kwa tochi ya urujuanimno. Mume wangu ameinunua, na kila usiku hufanya doria ya kuta akiwa na viatu vya mvua na koleo la jikoni. Nilimkataza koleo. Amenunua la kwake.

Wale wa awamu ya tatu walipewa friji bure. Sisi tuliinunua. Nalisema tu liwekwe kwenye kumbukumbu.

Sasa upande wetu wa barabara umejaa, na wageni wametufanya wazee wa mila. Hutusimamisha na vigari vyao vya gofu kuuliza zamani palikuwaje, zamani yenyewe ikiwa mwaka juzi. Mimi huwaambia ukweli: hapo ulipo palikuwa na kokoto. Mume wangu kazi hii ameipenda kupita kiasi. Juzi nilimsikia barazani akimweleza jaji mstaafu kwamba usiku ule tuliohamia tulikuta koyote watatu sebuleni, akawatoa kwa ufagio. Alikuwa mmoja, na alikuwa nje ya ukuta. Ningetoka kumsahihisha, lakini mke wa jaji alikuwa ameshaingia jikoni bila hodi, ameinamia sufuria, akiniuliza hiyo harufu inauzwa duka gani.