Mheshimiwa Valvu

Nimewasikia watu wakisifu simu za kukunja, nimewasikia wakisifu hata supu ya pweza. Mimi leo namsifu asiye na msifu: valvu, kile kichupa cha kioo kilichonyonywa hewa, kinachokaa ndani ya vyombo vikuukuu vya maabara kama mzee aliyekataa kustaafu.

Tazama kwanza adabu zake. Washa osiloskopu (chombo cha kuchora mawimbi ya umeme kiooni) ya Tektronix 545, mzaliwa wa Oregon, Marekani, miaka ya 1950. Kioo kinabaki cheusi. Feni inavuma, nyuzi zinaanza kuiva wekundu, na baada ya nusu dakika hivi swichi ya ndani inaruka, tak! Ndipo umeme mkubwa unaporuhusiwa kuingia barazani. Hata hapo usikurupuke kupima. Mkubwa bado anapasha misuli, na mstari wake utatangatanga mpaka atulie. Kuna chombo gani cha leo kinachokulazimisha unywe chai kwanza? Transista inaitika kabla hujaondoa kidole kwenye swichi, kama kijana asiyejua kupiga hodi.

Mahasidi watasema anakula umeme. Anakula, tena nusu kilowati nzima, ili achore mstari mmoja wa kijani. Lakini mlo huo wote unarudi chumbani kama joto, na aliyewahi kufanya kazi ya usiku penye baridi hawezi kuuita hasara. Watasema chombo chake ni kizito. Ndiyo, kilo 30 hivi, na sijamwona mwizi aliyetoka nacho mbio. Watasema anapiga shoti. Iliwahi kunisalimu kiwikoni, nami sikungoja salamu ya pili.

Ukoo wake hauna doa. John Ambrose Fleming alimtoa kwenye balbu huko Uingereza mwaka 1904. Miaka 30 baadaye, Arnold Beckman wa California alitumia valvu kukuza umeme hafifu ili apime uchachu wa maji ya malimau. Wanaotuambia kwamba elektroniki zilikuja kwa ajili ya mambo makubwa hawajasikia habari za malimau.

Ila kinachonifanya nivue kofia ni unyofu wake. Kichwani ana doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia: ni bariamu, iliyowekwa imeze masalia ya hewa. Hewa ikipenya, doa hugeuka jeupe kama maziwa. Nitajieni mgonjwa mwingine anayejiandikia cheti cha kifo! Na mwenye maradhi ya kujificha hugongwa polepole kwa mgongo wa penseli. Mstari ukirukaruka, umemkamata. Chipu ya kisasa hufa ikiwa imevaa suti yake nyeusi, haijalegea wala kubadilika rangi, ukabaki unazituhumu nyaya zisizo na kosa.

Na mapenzi ya kindugu je? Huko Japani, chini ya mlima, katika tangi la Super-Kamiokande lenye tani 50,000 za maji, waliwekwa binamu zake wa kunasa mwanga zaidi ya 11,000, kila mmoja na kipenyo cha nusu mita, wakivizia vimulimuli vya mwanga vinavyoachwa na chembe ziitwazo nyutrino. Novemba 2001 mmoja alipasuka. Kishindo chake kilipita majini, jirani akapasuka, na jirani wa jirani, hadi wakawa wamekwenda zaidi ya 6,000 kwa mkupuo. Walionusurika walivishwa ngao za akriliki wakarudi kazini. Transista haijawahi kuliliwa na wenzake namna hiyo.

Waliomtengeneza, kwa kweli, walimjua. Fungua ubavu wa ile 545 utakuta vigingi vya kauri vilivyopakwa fedha, na kando yake kibiringo kidogo cha lehemu iliyochanganywa na fedha (madini, si noti), maana lehemu ya kawaida huinyonya ile fedha na kukiacha kigingi kitupu. Kiwanda kilikiweka humo makusudi, ndani kabisa ya chombo kipya, kabla chombo hakijaharibika hata mara moja. Siku hizi mahali hapohapo hubandikwa karatasi ya kukuambia kwamba ukifungua, dhamana imekwisha.