Paja Lina Namba Yake, Goti Lina Yake

Tangu tezi dume initie adabu, natembea na mpira wa mkojo, na mfuko wake nimeufunga mguuni chini ya goti, ndani ya suruali. Hapa Columbus, Ohio, siri hiyo wanaijua watu wachache tu: mke wangu, daktari, bima ya Medicare, kampuni ya vifaa, na dada wa simu anayeniuliza tarehe ya kuzaliwa kila nikipiga, utadhani huwa nazaliwa upya.

Mfuko hauna neno. Udhia ni mikanda. Iko miwili, wa juu na wa chini, na ikifuliwa sana hulegea kama soksi za mtoto wa shule. Juzi wa juu uliniachia nikiwa kwenye foleni ya kulipia mchele. Mfuko ukateremka hadi kwenye kifundo, nikatoka dukani naburura mguu kama mfungwa. Nikaagiza mikanda mipya.

Ikaja bili: Medicare imekataa. Nikapiga simu.

“Mzee, mfuko wako ni namba A4358, na humo mikanda imo.”

“Imo, lakini imelegea, dada.”

“Basi hiyo ni ya kubadilisha. Ya mpira ni A5113, ya kitambaa au sponji A5114. Ila hapa wameandika A4334.”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Mkanda wa pajani, wa kushikilia mpira usivutike. Unaruhusiwa mmoja kwa mwezi, na wa mwezi huu umeshachukua.”

Jamani! Kutoka paja langu hadi goti ni shibiri moja, lakini kwa wenye makaratasi hizo ni nchi mbili, kila moja na viza yake. Nimeendesha lori majimbo ya Marekani miaka 22, sikuwahi kusimamishwa mpakani namna hii.

Na hata namba ikiwa sawa, Sehemu B ya Medicare hulipa asilimia 80, tena baada ya mimi kutoa changu cha kwanza cha mwaka. Faili nalo lazima liseme tatizo ni la kudumu, yaani halitarajiwi kwisha ndani ya miezi 3. Daktari wangu, mtu mwema, alikuwa ameandika kwamba naendelea vizuri. Asante, daktari.

Bili iko mezani, dola 14 na senti 60, inasubiri namba yake. Mke wangu alichoka kunisikiliza, akachana kanga kuukuu, akaipiga pindo na kuitia vifungo viwili. “Haya, Baba Salma, vaa.”

Huu mwezi wa pili, haijalegea. Mwenye kanga chakavu asiitupe.