Gulliver kwa Fidla Mbili: Kutoka Namba 5 Hadi Namba 1

Mwaka 1726 Jonathan Swift alitoa kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Safari za Gulliver. Haikuchukua muda, Georg Philipp Telemann wa Hamburg akakigeuza muziki: vipande vitano vya fidla mbili tu, bila kinanda, bila besi. Alivitoa katika Der getreue Music-Meister, jarida lake la 1728 na 1729. Leo tunavipanga. Sheria ni moja: kichekesho kinachosikika kinakishinda kinachoonekana. Hukubali? Subiri namba 4 ndipo uanze fujo.

5. Intrada. Ya kufungulia. Imechangamka, lakini haina jitu wala kibete. Hukumu: nani hukumbuka mlango akishaiona harusi?

4. Jigi ya majitu ya Brobdingnag. Jigi ni dansi ya miguu myepesi. Telemann akaiandika kwa mapigo ya 24/1, manota makubwa meupe yaliyonenepa kuliko desturi. Haya, fumba macho. Jitu liko wapi? Limebaki kwenye karatasi! Hukumu: wasomaji wa nota watacheka, waliokaa nyuma watauliza kuna nini.

3. Shakoni ya vibete wa Lilliput. Hapa ni kinyume: shakoni ni dansi ya heshima inayopenda kurefuka, naye akaibana kwenye 3/32, nota zimepachikwa mikia mpaka ukurasa umekuwa mweusi. Mbona imelipita jitu? Kwa sababu ufupi unasikika. Hujakaa vizuri, imekwisha. Hukumu: kibete kampiga jitu, na rufaa haipokelewi.

2. Ndoto za Walaputa na waamshaji wao. Kwa Swift, wenye akili wa Laputa huzama mawazoni hadi watumishi wawaguse mdomo na sikio kwa kibofu kilichofungwa kwenye fimbo, ndipo wakumbuke kuongea na kusikiliza. Fidla zinasinzia, zinashtuliwa, zinasinzia tena. Hukumu: kila mkutano wa saa nane mchana unahitaji mwamshaji mmoja.

1. Wahouyhnhnm na Wayahoo. Farasi wenye adabu, na viumbe wachafu wenye sura yetu sisi wanadamu. Mwingine angewapa kila kundi kipande chake. Telemann aliwapigisha kwa wakati mmoja! Fidla moja inatembea kwa luri, dansi ya Kifaransa ya mwendo wa pole na madaha. Nyingine inarukaruka kwa hasira pembeni yake, na zote mbili ziko ndani ya mapigo yaleyale. Mkitaka kujua ugumu wake, mtazameni mwenye luri: mkono wake wa upinde lazima utulie huku jirani yake anawaka moto. Huhitaji kusoma nota hata moja kuelewa nani ni farasi. Hukumu: namba moja, bila kura. Anayelitetea jitu aje na fidla yake, na asimsahau mwenzake.